Mashine Ilikuwa Imewashwa

Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika kiwanda kimoja cha chai karibu na Kericho, nikiendesha mashine ya kusaga majani, siku ambayo rafiki yangu alikatwa vidole viwili. Yeye ni mwenyeji wa Kiptere. Kazi yake ilikuwa kutoa majani yaliyokwama. Nakumbuka alivyopiga ukemi, halafu mkono wangu ukibonyeza kitufe chekundu cha kuzima.

Supavaisa alinipa karatasi. "Andika ilivyokuwa. Kwa Kizungu, inaenda ofisini."

Niliandika mistari minne, nikatia sahihi.

Asubuhi iliyofuata meneja aliniita. Akasoma mstari mmoja polepole: "I switched on the machine when he put his hand inside." Akavua miwani. "Kwa hivyo mkono ulikuwa ndani, ukawasha?"

"Hapana, mkubwa!"

"Ndivyo ulivyoandika. Lete nyingine kesho, na ufikirie vizuri. Hii inaweza kufika polisi."

Nilitoka. Binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa likizo, kwa hivyo nilimpelekea ile sentensi.

"Baba, umetumia wakati mmoja pande zote mbili," akasema. "Mtu akisoma hajui nini kilitangulia. Kama mashine ilitangulia, andika had switched on. Ni kama kusema nilikuwa nimewasha." Akanitazama. "Kwani nini kilitangulia?"

Mbele ya meneja niliogopa kufutwa kazi. Mbele ya mtoto wangu niliogopa jibu. Sikuwa na hakika. Baada ya miaka sita mkono hubonyeza wenyewe, na kila nilipojaribu kukumbuka, niliona kitufe cha kuwashia na damu kwa pamoja. Ningeweza kuandika neno moja, had, nikapona, na lawama ikamwangukia mtu aliyelazwa hospitalini.

Alasiri hiyo nilienda kumwona. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji hadi kiwiko. Nilisimama miguuni pa kitanda.

"Ndugu yangu, niambie ukweli. Nilikuwa nimewasha, ama niliwasha ukiwa ndani?"

"Ilikuwa inazunguka," akasema. "Niliisikia. Nilidhani nitawahi." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa wataandika ni makosa yangu?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Kifuniko cha kukinga mikono kwenye ile mashine kilikuwa kimeondolewa wiki mbili kabla, na sisi wawili tulikuwa tumemwambia supavaisa. Nilimwomba binti yangu aweke ile had, halafu anisaidie kuandika hayo pia.

"Baba, una hakika unataka hii iingie?"

"Andika kabla sijabadilisha nia."

Meneja aliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, mashati mawili yakiwa yamelowa jasho, la ndani na la nje. Alipofika kwenye kifuniko alinitazama, akasoma tena. "Nenda kazini," akasema.

Kifuniko kilirudishwa wiki hiyo hiyo. Rafiki yangu alilipiwa matibabu, akarudi baada ya miezi mitatu, akawekwa kwenye kupanga chai. Mimi nilihamishiwa kushona magunia, bila maelezo. Sikujua kama ni adhabu, na niliogopa kuuliza.