Prosesa Katika Mchele wa Harusi

Ridhiwani ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu, na nikimsema hana pa kunishitaki. Nimemsema tangu tuko wadogo na bado sijamaliza. Hapa Mbuchi watu tunaishi kwa samaki, mikoko na mpunga, na mwenzetu yote matatu yamemshinda. Akipanda mtumbwi anatapika kabla kamba haijafunguliwa. Akienda kukata fito anarudi na vidonda vingi kuliko fito. Na mpunga ndio ulionikosanisha naye.

Ilikuwa mwaka wa njaa, sisi bado vijana. Mama yangu alimpandisha kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, awafukuze nguruwe. Asubuhi tukakuta mpunga wote umelazwa chini, nguruwe wameshiba wamekwenda zao, na Ridhiwani amekaa juu kule na alama za mkeka shavuni.

"Ulilala?" mama akamuuliza.

"Sikulala, shangazi."

Mpaka mama anaingia kaburini jibu lilikuwa hilohilo. Na si nguruwe tu. Ridhiwani akivunja sahani, sahani imevunjika yenyewe. Akichelewa, saa ya watu imewahi. Ni mtu ambaye atakubali kung'olewa jino zima kuliko kukubali kosa.

Kilichomwokoa ni kompyuta. Palikuwa na mradi wa kutunza mikoko uliofungua ofisi hapa, ukafunga, ukaacha meza, viti viwili na kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2006, pamoja na printa yake. Watu waligombea viti. Ridhiwani akaibeba kompyuta kichwani hadi bandani kwake, akajifundisha kwa kubonyeza kila kitufe aone kitatokea nini. Sasa ni mwaka wa kumi na mbili anatuandikia barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mikataba ya mashamba na matangazo ya mbuzi waliopotea. Hapo, utani niuweke pembeni, hana mpinzani. Mashine yenyewe anaiita Bibi, na akimaliza kazi anaifunika kitambaa cha kudarizi.

Mwaka huu Bibi alikwama. Mwalimu Sabra, mkuu wa shule yetu, alileta kwenye flashi mtihani wa majaribio wa darasa la saba, ulioandikwa kwa programu mpya. Bibi akaufungua, akatoa viboksi. Swali la tano la hisabati lilikuwa viboksi kumi na vinne na alama ya kuuliza. Ridhiwani akajaribu kumwekea Bibi programu hiyo mpya, Bibi akaikataa katakata: prosesa yake imepitwa na wakati. Prosesa ndicho kidude kinachofikiri ndani ya mashine. Cha Bibi kilikuwa na kichwa kimoja, na programu ilitaka chenye vichwa viwili.

"Nakupa mpaka Jumatatu," Mwalimu Sabra akamwambia kwa upole. "Ikishindikana, kazi za shule nitazipeleka Kibiti."

Kazi za shule ndizo zinazomweka mjini, kama wasemavyo vijana. Zikiondoka anafunga banda. Alikuja kwangu jioni ile, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi bila kukiangalia, akaruka, akakaa chini.

"Mtani," akasema, "nitarudi kwenye dungu."

"Nguruwe watafurahi," nikamjibu. Halafu nikaona hacheki, nikajuta.

Hakukata tamaa. Alimpigia fundi mmoja wa Kariakoo, akamsomea kwa simu namba zote zilizoandikwa tumboni mwa Bibi, na fundi akamwambia ipo prosesa inayoingia hapo, ya vichwa viwili, imetolewa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Kidude kikapanda basi hadi Bungu, kikapanda pikipiki hadi Nyamisati, kikakabidhiwa kwa Hemedy wa boti. Hemedy akakitia mfukoni mwa suruali. Boti ilipokwama kwenye tope, Hemedy akaruka majini kusukuma, na suruali ileile. Jumatano kidude kikamfikia mwenyewe kikichuruzika maji.

Sasa, kila simu iliyolowa ikiletwa kwa Ridhiwani, dawa yake ni moja: iweke kwenye mchele siku tatu. Akaifuata dawa yake mwenyewe. Akakifukia kidude ndani ya ndoo ya mchele jikoni, na hakumwambia mtu, hata mkewe Swaumu. Kusema kimelowa ilikuwa karibu mno na kukubali kosa.

Ijumaa wakapita wanawake kuchangisha mchele wa harusi ya Zaitun, binti wa Abdulazizi. Swaumu ana mkono mwepesi wa kutoa. Akachota pishi mbili, tena akachota kutoka chini kabisa, kwa sababu juu, anasema, kulikuwa na wadudu.

Jumamosi asubuhi tulikaa uani kwa Abdulazizi, wanawake kumi na mmoja na nyungo zetu, tunachagua mchele. Msimamizi ni mimi. Kwenye shughuli za watu hapa, likionekana jiwe moja kwenye pilau, jina linalotajwa ni Mwanawetu, na miaka tisa halijatajwa. Lakini siku ile, niseme ukweli, macho yalikuwa kwenye ungo na akili haikuwepo. Tulikuwa tunayajadili masikio ya bwana harusi.

Bi Zabibu, shangazi wa bibi harusi, akapiga ukelele.

"Toba yarabi! Nani katuwekea kitu?"

Mchele ukamwagika. Kwenye kiganja chake palikuwa na kibamba cha mraba, kikubwa kama biskuti. Upande mmoja kilikuwa cha fedha, kimechorwa maandishi na tarakimu. Upande wa pili kilikuwa cha kijani, na juu ya kijani kumejipanga vinukta vya dhahabu, safu kwa safu, mamia.

"Talasimu," akasema Bi Zabibu, na sauti ikamshuka. "Hebu vihesabuni hivyo vinukta."

Mmoja alihesabu hadi mia mbili, akaogopa akaacha. Mimi niliingiwa na hofu, na kubwa kuliko hofu ilikuwa aibu: kitu kikubwa vile kimepita kwenye mchele ninaousimamia.

Kwa muda wa kuchemka chai moja, uchunguzi ulikuwa umekwisha na mkosaji amepatikana. Alikuwa Muhidini wa Ngorongo, aliyemposa Zaitun mwaka juzi akakataliwa. Kwamba Muhidini hajawahi kukanyaga Mbuchi tangu siku ile halikumsaidia. Ndiyo kwanza ikaonekana ana nguvu za kutuma vitu kutoka mbali. Zaitun akajifungia chumbani analia. Ikasemwa mchele wote umwagwe. Ikasemwa watu wa bwana harusi wapelekewe ujumbe kwamba harusi ya kesho isogezwe.

Akaitwa Maalim Mwinyimvua, mwalimu wa madrasa, mtu mtaratibu anayetafuna maneno kabla ya kuyatoa. Akakitazama kibamba pande zote. Akakitumbukiza kwenye bakuli la marashi, akasoma. Akakifukiza ubani mpaka sisi wote tukakohoa. Kisha akaamua kitupwe mtoni maji yakianza kutoka, kiende baharini na mabaya yake. Kikafungwa kwenye kitambaa cheupe, tukaongozana kwenda ukingoni, wanawake kwa wanaume.

Wakati huo Ridhiwani alikuwa jikoni kwake amepiga magoti, kaingiza mkono kwenye ndoo hadi kwapani.

"Mchele wa chini umeenda wapi?"

"Nimewapa wa harusi," Swaumu akamjibu. "Kwani umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu," akasema, akatoka mbio bila viatu.

Alitukuta ukingoni, Maalim ameshanyanyua mkono. Maji yalikuwa yanavuta kuelekea baharini. Ridhiwani akakiona kitambaa cheupe, na upepo ukakifunua kidogo, akaona kona ya kijani. Akawasikia watu wakimtaja Muhidini na harusi kuvunjika. Nilikuwa mbele yake, nikauona uso wake wote. Ninaujua ule uso. Ndio uliokuwa kwenye dungu. Nikasema moyoni, sasa atasema hajui lolote, kidude kizame, na Jumatatu afunge banda akiwa msafi.

"Ni changu," akasema.

Hakuna aliyesikia vizuri, kwa hiyo akapiga kelele. "Hicho ni changu! Nilikitia mimi kwenye mchele!"

Watu wakarudi nyuma hatua mbili kama walioambizana.

"Mmemsikia!" Bi Zabibu akapaza sauti. "Kakiri mwenyewe, hata kupigwa hajapigwa!"

"Ni prosesa, mama. Ni ubongo—"

"Ubongo!" Watu wakarudi hatua nyingine, na Hemedy akaingia majini mara ya pili wiki ile.

"Ubongo wa kompyuta! Kililowa, nikakikausha kwenye mchele kama simu. Kosa ni langu. Muhidini hahusiki. Mke wangu hahusiki. Msivunje harusi ya mtoto wa watu."

Kosa ni langu. Nilishika shina la mkoko lililokuwa karibu. Nimeishi na mtu huyu miaka arobaini sijamsikia akiyapanga maneno hayo kwa mpangilio huo.

Maalim Mwinyimvua akatafuna, akameza, akasema, "Kama ni chuma cha kazi, kifanye kazi tukione. Kikinyamaza, nitakitupa mwenyewe."

Tukageuka wote kuelekea kwa Ridhiwani. Banda lake linabeba watu wanne. Waliobaki walijaza dirisha na mlango. Akakifuta kidude kwa spiriti, akakianika juani, akamvua Bibi kitambaa chake, akamfungua ubavu. Akakitoa kile cha zamani, akaweka hiki, akakibana, akakipaka juu ile dawa ya kijivu iliyokuja nacho, akarudisha feni. Mikono ilikuwa inamtoka jasho, akawa anaifuta kwenye kikoi kila mara. Akawasha.

Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Akazima, akawasha tena. Nyeusi.

"Kimenyamaza," Bi Zabibu akasema. Maalim akanyoosha mkono apewe. Ridhiwani alikuwa amemshika Bibi ubavuni kama anayemfariji mgonjwa, na macho yamemjaa machozi.

"Fungua tena," nikamwambia.

"Mtani, utaona nini wewe humu?"

"Fungua!"

Akafungua, akakiinua kidude. Chini yake palikuwa na kitako cha sindano ndogo mno, safu kwa safu, na wengine wote walichoona ni sindano. Mimi mambo ya kompyuta siyajui, lakini miaka tisa nachagua mchele. Kwenye kona ya kushoto palikuwa na chenga ya mchele, moja tu, nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, imelala katikati ya sindano imeinua kidude upande mmoja. Nikachomoa pini ya ushungi wangu.

"Usipinde hata moja," Ridhiwani akaninong'oneza, na hakupumua mpaka nilipomaliza.

Nikaitoa chenga, nikamwonyesha Bi Zabibu kwenye ncha ya pini. "Hii ilipita kwenye ungo wako," nikamwambia. Nisingeweza kujizuia.

Ridhiwani akafunga, akawasha. Bibi akalia mlio mmoja mfupi. Skrini ikawaka, yakaja maandishi, na katikati ya maandishi ikaja tarakimu 2. Akaiwekea kidole: vichwa viwili. Wanawake waliokuwa dirishani wakapiga vigelegele, na vigelegele vikafika kwa Abdulazizi, wakadhani huko bwana harusi amewahi.

Mchele haukumwagwa. Pilau lililiwa Jumapili, na halikuwa na jiwe, kwa sababu niliuchagua wote upya nikiwa nimesimama nyuma ya Bi Zabibu. Programu mpya nayo ikaingia kwa Bibi bila kugoma. Jumatatu Mwalimu Sabra akaleta flashi, na swali la tano likajitokeza: theluthi mbili toa robo. Mwalimu akaagiza nakala tisini, akauliza kwa nini karatasi zinanukia. Bibi akipata moto ananukia marashi na ubani, na hakuna dawa, Ridhiwani amejaribu.

Jumanne nilikwenda bandani na Bi Zabibu aliyetaka barua ya kumwomba radhi Muhidini wa Ngorongo. Nilimwambia kwamba Muhidini hajui kama alishutumiwa, sasa ndio atajua. Hakunisikia. Akaisema barua yote, akaondoka, akaniacha nisubiri ichapwe. Tukabaki wawili.

"Ridhiwani," nikamwita kwa jina, jambo ambalo silifanyi. "Mwaka ule, kwenye dungu la mama. Ulilala?"

Vidole vikasimama juu ya vitufe. Feni ya Bibi ikaendelea kuvuma.

"Nililala, mtani," akasema. "Nililala tangu isha. Nguruwe ndio walioniamsha."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwandalia maneno ya siku akisema hivyo, maneno makali, yenye pilipili. Sikukumbuka hata moja. Nilimwambia tu kwamba mama angefurahi kusikia, nikafuta macho kwa ncha ya ushungi, nikamwambia amalize barua ya watu wa Ngorongo.