Shikamoo ya Mtani

Mwaka wangu wa mwisho shuleni Tabora nilikuwa na mambo matatu yaliyonishughulisha, na masomo hayakuwamo. La kwanza lilikuwa njiwa, niliowafuga nyuma ya jiko la shule kwa ruhusa ya mpishi, ambaye nadhani alikuwa na mipango yake juu yao. La pili lilikuwa muziki. La tatu lilikuwa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Gongoni, na hili ndilo lililonikondesha. Njiwa angalau nilipowaambia jambo walinisikiliza.

Muziki nilikuwa nao wa namna mbili. Mfukoni nilikuwa na kinanda cha mdomo alichoninunulia mjomba wangu Dar es Salaam, nacho nilikipiga vizuri sana. Nalisema hilo mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kulisema. Katika bendi ya shule nilipewa tarumbeta ambayo kibonyezo chake kimoja kilikwama, nadhani tangu zama za Mjerumani. Mwalimu wetu wa bendi, Mwingereza aliyewahi kuwa askari, alinishauri kwamba nikifika penye sauti zisizotoka nivimbishe mashavu tu, nisonge mbele. Basi nikavimbisha mashavu nyimbo nzima nzima. Watu waliotutazama uwanjani walidhani mimi ndiye fundi kuliko wote.

Sare ya bendi niliyogawiwa ilishonwa kwa kipimo cha mtu mnene, na mimi nilikuwa ufito. Jumamosi moja tuliporuhusiwa kwenda mjini, nikaikunja kaptula kwapani mpaka Gongoni, kwa fundi niliyeelekezwa. Nilimkuta barazani kwake akikanyaga cherehani, mtu mzima mwenye kofia kuukuu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia kama nilivyofunzwa kwetu.

"Shikamoo, fundi."

Hakuitikia. Aliinua kichwa. "Ngoja kwanza. Lafudhi hiyo si ya hapa. Kwenu wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Ndiyo, fundi."

Akaacha cherehani, akanyoosha mkono, akaninyang'anya kofia yangu ya shule na kuikalia. Kisha akacheka mpaka miwani ikamshuka.

Asiyejua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo angedhani nimeingia kwa kichaa. Mimi nilijua mara moja nimefika kwa watu wangu. Babu zao ndio waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka bara mpaka pwani, na babu zetu ndio waliowapokea njiani. Baada ya kuibiana mbuzi na kupigana vya kutosha, wazee wakaona afadhali watukanane, watu wasife bure. Toka hapo mtani wako hukuchukulia kitu chako mchana kweupe, hukutukana wewe na waliokuzaa, na siku ukifa ni yeye anayekuja kukuzika huku akikucheka. Ukikasirika, umeshindwa.

"Shikamoo kwa mtani!" alisema fundi. "Tangu babu yangu afike pwani, hakuna Mzaramo aliyeamkia mtu wa nyumba hii. Chukua shikamoo yako, siitaki. Nitukane kama mtu mwenye adabu."

Nikashusha pumzi. "Babu yako alipoiona bahari aliijaza kwenye kibuyu, akaja nayo mpaka hapa, akawaambia watu ni supu."

Kabla fundi hajajibu, sauti ya msichana ikatoka nyuma ya pazia. "Na babu yako ndiye aliyemuuzia kile kibuyu!"

Pazia likafunguka, akatoka akiwa na uzi kati ya meno na shati mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akitia vifungo na kuyazungushia uzi matundu yake, kazi ambayo macho ya baba yake yalikwisha kuikataa. Aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akafika kwenye kichwa kisicho na kofia, akacheka. Mimi ndipo nilipokwisha. Sikuwa na la kujibu, na kwa mtani hiyo ni aibu kubwa kuliko kukosa suruali.

Kuanzia wiki ile hakuna mwanafunzi aliyechanikiwa nguo kama mimi. Mifuko yangu ilijitoboa yenyewe. Vifungo vilinikimbia. Rafiki yangu wa bweni, Mnyakyusa mwenye busara nyingi za bure, alinikuta siku moja naking'ata kifungo cha shati langu mwenyewe, akaniuliza kama chakula cha shule hakinitoshi.

Mle nyumbani alikuwamo pia bibi, mama yake fundi, ambaye kutwa alikaa kwenye mkeka karibu na mlango na kikopo chake cha tumbaku ya kunusa. Kwa kuwa mimi ni mtani, na tena ni mjukuu kwa umri, aliniposa siku ile ile. "Mwangaluka, mume wangu," alikuwa akinisalimu kila Jumamosi, "nazi yangu iko wapi?" Nilipotoka likizo nilimletea nazi kutoka kwetu, zikabingirika chini ya viti vya treni mpaka Tabora na kuwagombanisha abiria. Alinilipa kwa asali. Alizitumia nazi zile kwa kuzitikisa sikioni, kusikia maji yake, na alikataa zisivunjwe.

Siku nilipopata moyo, fundi alikuwa amekwenda sokoni kununua uzi, bibi anasinzia. Binti alikuwa akihesabu vifungo. Nikamwambia kwa sauti ya chini, bila mzaha wowote, "Nakupenda."

Akanitazama. Kisha akavitupa vile vifungo, akakimbilia barazani akishika mbavu, akampata baba yake ndiyo kwanza anarudi. "Baba! Baba, njoo umsikie Mzaramo!"

Fundi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaketi chini. Akamwita jirani yake mshona viatu, nikatakiwa nirudie tena, na yule akasema hajasikia utani mkali namna ile tangu utoto wake. Jumamosi iliyofuata muuza kahawa wa njia panda alinizuia nipite mpaka nimwambie na yeye nilivyosema.

Huo ndio ulikuwa mtego wangu. Neno la mtani ni la kuchekwa, hata likiwa la kweli. Ningelikuwa Mhaya au Mmakonde, ningekubaliwa au ningefukuzwa kwa fimbo, na vyote viwili vingekuwa heshima. Mimi nilipewa kahawa ya bure.

Mnyakyusa akanishauri niache mzaha kabisa. Nikaenda nimenuna, nimechana nywele, sikumtukana mtu. "Leo kaja na mpya!" fundi akapiga makofi. "Tazameni, kajifanya padri!" Nikajaribu muziki. Siku ya sikukuu ya Mfalme, bendi yetu ilipopiga mbele ya wakubwa wa serikali, nilimwona binti kwenye umati, amevaa kanga mpya. Nikaamua kumpigia kipande kitamu nilichokitunga mwenyewe, papo hapo, katikati ya wimbo wa gwaride. Sauti niliyoikusudia ilikuwa ya kile kibonyezo kilichokwama. Kilichotoka ni mlio wa ng'ombe anayechinjwa, na ngoma kubwa ikapoteza hatua, na safu ya mbele ikaingia kwenye maua. Nilifyeka majani ya shule kwa adhabu muda mrefu. Binti alisema hajafurahi vile maishani mwake.

Ndipo wakaja watu wa Igunga. Walikuja na lori la pamba, wazee wawili na kijana wao mwenye ng'ombe wengi, kuleta posa. Niliwakuta barazani. Yule kijana hakusema neno. Alikunywa uji wake, akaangalia miguu yake, akaitwa mtu makini. Nilitaka kumpiga. Mimi nimesema mpaka nimekauka koo naonekana mchekeshaji, yeye kanyamaza tu keshakuwa mume! Fundi aliwaambia atamuuliza binti yake na watapata jibu baada ya mitihani kwisha, yaani wakati ambao mimi ningekuwa kwenye treni ya kurudi pwani, sina tena sababu ya kuchana mifuko.

Nikakaa kwenye mkeka wa bibi, nimeinama. Akapiga chafya yake ya tumbaku, ambayo ilisikika mpaka msikitini.

"Mume wangu," alisema polepole, "wewe humtanii mjukuu wangu."

Nilidhani sikusikia sawa. "Bibi umejuaje?"

"Mtani akisema jambo hutazama kama watu wanacheka. Wewe ukisema unamtazama yeye." Akafuta pua kwa pindo la kanga. "Nimemwambia. Kacheka. Muache acheke, anayecheka hajafunga mlango. Nazi yangu iko wapi?"

Nilirudi shuleni nikipiga kinanda cha mdomo njia nzima. Katika Tabora yote nilikuwa na mtu mmoja anayeniamini.

Mitihani ilikuwa imekaribia bibi aliposhikwa na homa. Haikumweka, akafariki. Asubuhi moja alikuja mtu shuleni kuniita, na mwalimu wa zamu, ambaye ni Mnyamwezi, hakuuliza maswali mengi. "Mtani ameitwa," alisema, "mwacheni aende."

Kazi ya mtani msibani inajulikana. Wenyewe wakilia, yeye huwachekesha. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema alikuwa mlafi na mvivu, hulala mbele ya jeneza na kukataa lisipite mpaka apewe chochote. Akifanya vizuri, wafiwa wanapumua. Kuna kimoja tu asichoruhusiwa, nacho ni kulia. Machozi ni ya wenyewe.

Nilifanya vizuri. Nilijifunga kanga ya bibi kichwani, nikachukua fimbo yake na kikopo chake, nikapita uani mgongo umepinda. Nikapiga ile chafya. Wanawake waliokuwa wakilia wakaangua kicheko huku machozi yanawatiririka. Nikamlalamikia fundi kwamba kanizika na njaa. Nikamwuliza mshona viatu lini ataoga. Hata binti, aliyekaa na shangazi zake macho yamevimba, niliona bega lake linatikisika.

Kisha nikafika kwenye neno ambalo kila mtu alikuwa akilingoja.

"Mume wangu," nikasema, "nazi yangu iko wapi?"

Sauti ilitoka yake kabisa. Nikasimama pale na fimbo mkononi, nikajua kwamba hakuna atakayeniuliza hivyo tena, na kwamba mtu pekee aliyeniamini yumo ndani ya lile jeneza. Nikalia. Si machozi ya kufuta na kiganja. Nililia kwa sauti, kanga ya kike kichwani, mkono umeshika kikopo cha tumbaku.

"Lo!" mtu mmoja akasema, "huyu anaigiza mpaka machozi!" Wengine wakacheka. Fundi hakucheka. Alinijia, akanivua ile kanga kwa upole, akaikunja na kuiweka begani kwake, akanishika mkono mpaka kwenye mkeka walipokaa ndugu. "Kaa na wafiwa," akaniambia.

Nilirudi shuleni nimejaa aibu. Mtani aliyeshindwa na kazi yake ni mtu gani? Niliwaza kwamba sasa sina hata ule utani wangu, uliokuwa unanipa angalau mahali pa kukaa Jumamosi. Nikafanya mitihani sikumbuki nimeandika nini. Njiwa nikamwachia mpishi, na Mungu anisamehe kwa hilo.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda kuaga. Nilipita mlango wa uani, maana sikuwa na uso wa kupita barazani. Binti alikuwa peke yake kwenye mkeka wa bibi, anatia vifungo. Nazi zote za bibi zilikuwa zimepangwa ukutani pembeni yake.

"Ulilia," akasema, bila salamu.

"Nilisahau kazi yangu."

"Mtani halii."

"Najua."

Akashona kidogo. "Bibi aliniambia kwamba hutanii. Nikamcheka na yeye. Tangu siku ile ya msiba usingizi sina." Akajichoma na sindano, akanyonya kidole. "Watu wa Igunga wanakuja kesho kutwa kuchukua jibu. Baba ameniuliza. Sema tena lile neno lako."

Nililisema. Lilitoka vibaya, kama tarumbeta yangu. Nikangoja acheke. Nilikuwa nimelisema mara nyingi mno mbele ya kicheko hata sikujua mtu hulisimamia vipi katika ukimya, na nakiri niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote. Hakucheka. Macho yalimjaa maji. Akaukata uzi kwa meno.

"Haya," akasema. "Kamwambie baba."

Nikazunguka nyumba. Cherehani ilikuwa inalia barazani. Nilikuwa nimezoea kufika pale na tusi tayari mdomoni, safari hii sikuwa nalo hata moja. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Shikamoo, fundi."

Cherehani ikanyamaza. Akavua miwani yake, akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kaptula aliyoipunguza mwenyewe, kisha akaitazama kofia yangu hata nikadhani ataichukua.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kaa."