Nilimtafuta babu yangu Mskoti kwa vitabu vya kanisa, mama akachagua mtu mwingine

Wakuu, habari za leo.

Mimi hapa huwa nasoma tu na kupita. Leo nimechoka kiasi cha kuandika. Haya ni mambo ya nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi. Majina ya ukoo ndiyo nimeacha nje, maanake kuna watu wako hai huko.

Mimi ni mtu wa Free Area, Nakuru. Kazi yangu iko Olkaria kwa mitambo ya stima, naenda shift nikimaliza narudi nyumbani.

Mama yangu ni chotara. Babake alikuwa Mskoti, msimamizi wa shamba moja upande wa Njoro kabla ya uhuru. Shosho, yaani mama ya mama, alikuwa anafanya kazi jikoni kwa hiyo nyumba. Mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni, huyo mzee alirudi kwao. Hakuandika barua, hakutuma mtu.

Aliacha majina mawili. Lake, Alexander, na la mtoto, Isabella.

Mimi ni kijana wa pili, na kwetu kijana wa pili anapewa jina la baba ya mamake. Ndio maana naitwa Aleki. Nimebeba jina ya mtu sijawahi kuona hata picha yake.

Shosho alilipia hayo mambo peke yake. Wazee wa kanisa walimtoa kwa meza ya Bwana, akawa anakaa benchi ya nyuma na mtoto. Shuleni mama aliitwa mzungu wa jikoni. Hizi stori alitupatia mara moja tu, akiwa anakunja nguo, na hakuna mtu aliuliza tena.

Sasa, figo zake zilianza kukataa. Kila wiki tunaenda hospitali kusafishwa damu. Siku moja akiwa kwa hiyo mashine akaniambia kwa sauti ya chini, "Aleki, nitafutie watu wa baba. Sitaki kitu yao. Nataka tu kujua nimetoka wapi."

Ungesema nini? Nikasema sawa.

Wenye hawajafanya hii kazi wanadhani ni kuandika jina kwa Google. Scotland wako na vitabu vya parokia vya zamani sana, ubatizo, ndoa, mazishi, na vingi vimepigwa picha viko online. Lakini mwandiko ni kama kuku amechakura. Na kila nyumba iko na Alexander. Baba Alexander, mtoto Alexander, binamu Alexander, kijiji kimoja.

Nilikuwa nasoma nikimngoja mama hospitali, simu kwa mkono, macho yanauma. Nikitoka shift naendelea.

Baada ya miezi nikapata mmoja, mtoto wa fundi wa viatu. Umri unaingia, sehemu inaingia, kaskazini karibu na Aberdeen kama vile shosho alikuwa anasema. Nikaambia mama. Alifurahi, akaambia hata wamama wa kikundi chake.

Halafu nikapata kitabu cha mazishi. Huyo jamaa hakuwahi kutoka kijijini kwao. Alikufa kijana, hajafika popote.

Kurudi kumwambia mama ndiyo kitu ngumu zaidi nimefanya kwa hii safari yote. Alisema sawa, akageukia ukuta.

Nilitaka kuacha hapo. Ni yeye alinirudisha, tukinywa chai asubuhi. Akakumbuka shosho akisema Isabella haikuwa jina ya kuokota, ilikuwa ya mama ya huyo mzee. "Si hata sisi tunaita watoto hivyo?" akaniuliza.

Nikaenda kusoma, kumbe Waskoti wa zamani walikuwa wanarithisha majina ya nyanya na babu kwa mpangilio, karibu kama sisi. Nikaanza upya, safari hii natafuta Alexander mwenye mamake ni Isabella. Wakabaki wachache sana. Nikaandikia email mama mmoja mwalimu mstaafu huko, anayetunza historia ya parokia mojawapo.

Akajibu. Alexander wake amezikwa hapo hapo kanisani, na kwa jiwe imeandikwa aliishi Kenya miaka mingi, shamba la Njoro. Hakuoa. Akanitumia picha.

Akaongeza kwamba kuna habari za Isabella, mama ya huyo mzee, pia, lakini si nzuri, kama nataka atanichapia. Nikamwambia atume.

Isabella alibatizwa bila baba. Mamake alikuwa Margaret, msichana wa kazi kwa shamba la wenyewe. Alipopata mimba aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, akamtaja kijana wa mwenye shamba. Kijana akakana. Margaret akakemewa na kutolewa kwa meza ya Bwana. Yote imeandikwa na karani kwa mwandiko safi kabisa.

Nilimsomea mama kwa Kiswahili, hapo kwa mashine. Alikuwa amefunga macho nikadhani amelala.

"Kwa hivyo mama ya baba alikuwa mtoto kama mimi," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Basi alijua. Alijua vile mtoto kama mimi anaishi, na bado akaenda."



Nikampatia simu aone picha ya kaburi. Akaangalia kidogo akanirudishia. Akauliza, "Huyo msichana, alikaa na mtoto wake?"

Alikaa naye. Yule mwalimu alikuwa amewaona kwa rekodi za miaka ya baadaye, nyumba moja, Margaret anafulia watu nguo.

Mama akasema huyo ndiye mtu wake. Akaniambia nichapishe hiyo karatasi ya Margaret peke yake, ile ya kaburi niiache. Wiki hiyo kikundi kilipokutana kwetu, alisimama kwa shida akashukuru Mungu kwa mamake, halafu kwa Margaret. Wamama wakaitikia amina bila kujua ni nani.

Bado tunaenda hospitali. Amechoka, mimi pia.

Nilichojifunza ni kwamba ukichimba ukoo hutachagua utakachopata, na aliyekutuma anaweza kusimama mahali wewe hukupanga. Mimi nilikuwa natafuta babu. Yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumuelewa.

Yule mwalimu aliniambia dada ya Alexander aliacha wajukuu, bado wako kwa hicho kijiji. Niliwaandikia email, mama akaniambia nisitume kwanza. Iko tu hapo kwa drafts.

Wewe ungetuma ama ungewacha? Wenye mmepitia kitu kama hii niambieni. Nitasoma nikitoka shift.