Ubao wa Kaka na Jiwe la Kusagia

Mimi nilikuwa mtoto wa visigino, na jambo hilo liliniuma sana. Pale Geita, mgodi wa zamani ulipofungwa uliacha kilima cha marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Watoto tulikiteremka tukiwa tumesimama juu ya ubao. Kaka yangu ndiye aliyeutengeneza, kwa mbao za sanduku, akapigilia vipande vya mpira wa gari vya kushikilia miguu. Chini aliusugua kwa vipande vya mishumaa alivyookota kanisani ili uteleze.

Kwenda kushoto kulikuwa rahisi. Unaegemea visigino, unatazama bonde, ubao wenyewe unakupeleka. Lakini kule kushoto chini kulikuwa na ua wa minyaa, na utomvu wake ukikuingia jichoni, utamlaani aliyeipanda. Njia salama ilikuwa kulia, na ili ukunje kulia ilibidi uhamie vidoleni: bonde ulipe mgongo, macho yaone kilima tu. Hapo wote tulianguka, kaka akiwamo, ingawa yeye alianguka kwa maringo.

Mwezi wa Januari kaka alikuwa anakwenda shule ya bweni Shinyanga. Siku moja akatangaza, "Ubao namwachia atakayekunja kulia. Asipopatikana, naupasua kuni."

Niliutaka ubao ule kuliko gauni la Krismasi. Kila siku nilipanda, nikaanguka, nikarudi nyumbani magoti yamechunika, nimeununia hata mchanga.

Nyumbani kwetu mtama ulisagwa kwenye jiwe, maana mama hakuuamini unga wa mashine. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Wavulana hawakuligusa jiwe. Jioni moja nimepiga magoti nasaga, nikavihisi vidole vyangu vya miguu. Vilikuwa vimejichimbia ardhini nyuma yangu, kifua kimekwenda mbele, uzito wote unasukumwa kutoka pale. Nyuma yangu palikuwa na mlango nisiouona, wala sikuujali. Nikaanza kucheka peke yangu. Mama akauliza kama mtama umenisimulia hadithi.

Kesho yake nilipanda kilima. Nikaanza na visigino, nikaiona minyaa inakuja, nikajiambia: saga. Sikuinama kiunoni kama siku zote. Nilikunja magoti, nikasukuma mbele, vidole vikauma ubao. Ukasita, kisha ukakunja kulia. Sikuliona bonde, niliona mchanga tu ukinipita karibu na pua, na nilifurahi mpaka nikapiga kelele. Nikarudi visiginoni, nikaenda tena vidoleni, mpaka chini.

Kaka, aliyekuwa chini akinitazama, akauliza, "Nani kakufundisha?"

"Jiwe la mama."

Akadhani namtania. Lakini jioni ile alikuja uani, akapiga magoti mbele ya jiwe. Mama akaacha kupepeta.

"Una homa?"

"Hapana, mayu. Najifunza kukunja."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akamsogezea ungo wa mtama. "Basi jifunze na huu wote."

Ugali wa siku ile ulijaa chenga, tukaula tukicheka.

Wiki ya mwisho alikunja kulia mara mbili. Niliogopa sana kwamba sasa atabadili mawazo na kwenda na ubao wake. Asubuhi aliyoondoka niliukuta umeegemezwa kwenye jiwe la kusagia. Niliugeuza. Chini ulikuwa umesuguliwa upya, na kando yake palikuwa na mshumaa mzima, haujawashwa hata mara moja.