Wifi Yangu Anasubiri Sehemu Inayofuata

Admin, jina langu lifiche, mji uache tu, Musoma tuko wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mjane, naishi Nyakato na watoto wangu wawili. Kazi yangu ni kuandika riwaya za kwenye simu, zile za sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, msomaji analipia kidogo kwenye app ndipo sehemu ifunguke. Natumia jina la kiume. Ndugu zangu wanadhani nafanya kazi za ofisi kwa mtandao, nami nimewaacha wadhani hivyo, maana kwetu ukisema unaishi kwa hadithi za mapenzi utaulizwa nani kakuroga.

Miaka ya mwanzo nilikula vizuri. Niliacha kufundisha shule binafsi, nikapaua nyumba, ada za watoto zilitoka humo humo. Kisha mambo yakageuka. Msomaji mmoja ananunua, anawagawia mia bure kwenye magrupu. Wenye app nao wakapunguza fungu letu, halafu wakaja waandishi wa kutoa sehemu kumi kwa siku, sijui wanapika saa ngapi. Riwaya niliyoihangaikia miezi minne ilisomwa na watu wa kujaa kibarazani kwangu. Nikatoa mbili nyingine, zikafa hivyo hivyo. Nilijaribu kurudi shuleni, nafasi yangu ilishachukuliwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anaishi Bunda, na kila Alhamisi anakuja Musoma kuchukua dagaa wa kwenda kuuza. Lazima apite kwangu anywe chai. Mjue kwamba ng'ombe waliotolewa mahari yangu ndio kaka aliowatoa kumwoa huyu dada. Kwetu hilo si jambo dogo, ni kama mimi ndiye niliyemleta kwenye ukoo, na siri zake alikuwa hanifichi. Kaka anachimba dhahabu Buhemba, ana mwanamke mwingine huko, na akirudi nyumbani mikono mitupu anampiga mkewe. Wifi alinieleza hayo akilia. Nilimpa pole, nikamsindikiza hadi stendi, niliporudi nikafungua simu nikaandika. Nilibadili majina, mchimbaji nikamfanya mvuvi. Mengine yote niliyaweka kama alivyonisimulia.

Riwaya ikapaa. Watu walilia nayo, wakagombana kwenye maoni, ikanilipa kama zamani. Msimamizi wa app akaniandikia, "Hapa umepatia. Ila usimtoe huyo mke kwa mumewe mapema, akishaondoka wasomaji hawafungui tena." Nikatii. Kila alipofunga begi nilimtafutia sababu ya kulifungua, mara mtoto anaumwa, mara mume amepiga magoti. Sasa niko sehemu ya 71.

Mwezi uliopita wifi amekuja, hata chai hajagusa, akanipa simu yake. "Wifi, hii unasomaga? Huyu kaka anayeiandika ni kama ananionaga kwangu." Mwenzake wa sokoni ndiye aliyemwonyesha. Nikasema siijui. Akaendelea, "Mimi nimeshaamua. Huyu dada akiondoka, na mimi naondoka. Akivumilia, navumilia. Mama yangu anasemaga ng'ombe wangu kaka zangu walishaoa nao, nikirudi watalipa na nini. Kanisani wananiambia niombe. Huyu ndiye peke yake anajua ninachopitia."

Ilinipasa niseme siku ile. Sikusema. Ada ya muhula ilikuwa mlangoni na riwaya nyingine sina. Nikaandika mke amemsamehe mume.

Alhamisi iliyopita amekuja mkono wa kushoto umevunjika, umefungwa POP. Nikamuuliza alikuwa anangoja nini pale. Akajibu taratibu, wala hakulia. "Jumapili nilikuwa nimeshapanga nguo kwenye begi. Nikasema ngoja nisome kwanza. Nikakuta amesamehe, nikazirudisha kabatini. Jumanne ndiyo akanifanya hivi."



Msiseme sijamwambia aondoke. Nilimwambia pale pale, kwa kinywa changu, achukue watoto aje akae kwangu. "Wewe ni dada yake," akasema, "na ng'ombe ni wako. Leo unaniita, kesho mtaenda kuwadai wazazi wangu." Ushauri wangu hautaki. Anautaka wa yule mwanaume wa kwenye simu, ambaye ni mimi.

Sehemu ya 72 inatakiwa Ijumaa. Nikimtoa yule mke, wifi naye ataondoka, mkono haujaunga, wazazi wake hawamtaki, kaka atamfuata, na mimi mwezi ujao sijui watoto wangu watakula nini. Nikimbakisha, safari ijayo huenda asiishie kuvunja mkono. Nikimwambia mwandishi ni mimi, atajua kwamba machozi yake nimeyauza sehemu baada ya sehemu, naye alikuwa akilipia kuyasoma. Hatakanyaga kwangu tena, na akipigwa hatakuwa na mlango wa kugonga. Nimeigeuza riwaya kila upande, sioni pa kutokea. Nilizoea kudhani kutafuta pa kutokea ndiyo kazi ninayoiweza.

Naombeni mawazo yenu, nifanye nini? Matusi nitayapokea, nimeyastahili. Ila wifi yangu ni mfuasi wa page hii, na kawaida yake husoma maoni kabla ya kisa. Huenda ameshajitambua, na kuogopa hilo nimechoka. Kwa hiyo wewe unayetaka kuandika hapo chini kwamba ndoa ni uvumilivu, tulia kidogo kabla hujatuma. Kuna mwanamke Bunda atakusikiliza.