Kofia ya Katibu Tarafa

Mama alizoea kuwaambia wageni kwamba mimi nilitoka tumboni kabla mkunga hajanawa mikono. Alikuwa akinitania, lakini ndani ya utani huo kulikuwa na malalamiko, maana hata ukubwani sikujua kutulia. Chakula nilikula nimesimama. Kanisani nilihesabu mabati. Basi miaka ile ya Ujamaa, kijiji chetu karibu na Rudewa kilipotafuta mtu wa kufundisha kisomo cha watu wazima na kuwahamasisha kina mama, kazi nikapewa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nadhani walitaka pia nipate mahali pa kupeleka hangaiko langu.

Darasa lilikuwa koronani, lile banda kubwa walimokuwa wakichakata mkonge. Shamba la mkonge lilikuwa limekufa na mashine zimeng'olewa, lakini sakafu ya saruji ilikuwa bado inanuka maji ya mkonge, harufu chachu isiyoisha. Kina mama walikuja alasiri baada ya shamba, tukasoma kidogo na kuzungumza sana. Niliuamini Ujamaa kwa moyo wangu wote. Sioni haya kusema hivyo, ingawa wenzangu wa rika langu siku hizi wanajifanya walikuwa wakiucheka tangu mwanzo.

Likaja agizo la kupanga kijiji upya. Waliotawanyika wasogee pamoja, nyumba zikae kwa mistari, shule na zahanati ziwe karibu. Hilo tulilitaka. Ubaya ulikuwa mahali penyewe. Vigingi vilipigwa bondeni, kwenye majaruba yetu ya mpunga, kwa sababu ni tambarare na kamba ya kupimia inapita bila kupinda. Kila mwanamke aliyewahi kupandikiza mpunga pale alijua kwamba masika ikikolea mto unapanda hadi kiunoni. Wanaume walijua pia, lakini mpunga ulikuwa kazi ya wanawake, kwa hiyo hata habari za maji yake zikawa maneno ya wanawake. Mama yangu, mjane, alipangiwa kiwanja cha kwanza kabisa, karibu na mto kuliko vyote.

Nilihangaika. Nilikwenda Kilosa kwa baiskeli mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa mhusika yuko safarini, mara ya pili nikaambiwa maoni yapitie mkutano wa kijiji, na mara ya tatu sikumbuki nilichoambiwa kwa sababu nilikuwa nimekasirika mno kusikiliza. Darasani kina mama wote walikuwa pamoja nami, ila nilipouliza nani atasimama mkutanoni, kila mmoja alitazama vidole vya miguu yake. Waliogopa kuitwa wapinga maendeleo. Halikuwa jina la mchezo, jirani yetu alikuwa amekaa mahabusu siku mbili kwa ajili yake. Na mimi, kwa midomo yangu yote hii, niliogopa vilevile.

Ndipo likanijia wazo ambalo nililiona la akili sana. Nikamwendea mtani.

Alikuwa bibi mjane aliyekuja zamani kutoka bara na mumewe, kibarua wa mkataba, wale tuliowaita manamba. Mume alizikwa hapohapo shambani, naye bibi akabaki. Kabila lake na letu ni watani. Mtani anaweza kukunyang'anya kitoweo sahanini na kuutukana ukoo wako mbele za watu, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukifiwa, ndiye anayekuja kuosha maiti, kupika, na kuwachekesha wafiwa. Nilipomwamkia shikamoo bibi yule alijibu, "Marahaba, mtumwa wangu," kisha akadai nimbebee kuni, nami nikabeba. Na Katibu Tarafa aliyekuwa aje kusimamia mkutano alikuwa mtu wa kwetu, mzaliwa wa milima ya Lumuma. Bibi angeweza kumwambia lolote bila kuguswa.

Nilimweleza shauri langu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba ni yeye ninayetaka aseme. Nikamjibu ndiyo, tena upesi, kabla hajakataa.

Siku ya mkutano korona ilijaa. Katibu alihutubia kwa kirefu, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Bibi akainuka, akaenda hadi mbele, akamzunguka polepole kama anayekagua mbuzi mnadani.

"Watu wa milimani mmezoea kukaa juu na nyani," akasema. "Leo mnatelemka wenyewe mkafe maji. Haya, njooni. Kazi ya kuwaosha mto utakuwa umeshaifanya, sisi watani tutakuja kula ubwabwa tu."

Kisha akamvua Katibu kofia, akaivaa yeye. Banda zima likaangua kicheko. Katibu alicheka hadi akatoa leso kujifuta macho. Akasema kofia ni halali ya bibi, ndiyo fungu la mtani, na kwa kuwa wananchi wamefurahi tuendelee na ajenda. Karani akaandika kwamba hakuna pingamizi.

Pale nyuma niliingiwa na hasira na nafsi yangu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu analijua: neno la mtani halijibiwi. Unacheka, unatoa fungu lake, limekwisha. Nilikuwa nimeichukua kweli yetu na kuiweka kwenye mdomo ambao, kwa desturi, haumbani mtu.

Bibi alinipitia mlangoni, kofia kichwani. Yeye hakuwa akicheka.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Yaliyobaki semeni wenyewe."

Zilibaki siku tatu kabla ya watu kukabidhiwa viwanja walivyopangiwa. Nilipita nyumba hadi nyumba za kina mama wenye majaruba, nikiwasihi na kuwakera, mpaka wengine wakaanza kufunga mlango wakiniona. Sikuwaomba tena wahutubie. Niliwaomba kila mmoja akasimame kwenye kiwanja chake na kuonyesha maji yanapofika. Mama aliniambia haraka haraka haina baraka. Nikamwambia mto haujui methali.

Siku yenyewe tulimkuta Katibu bondeni na kamba yake. Mama, ambaye maishani mwake hakuwahi kufungua kinywa mkutanoni, alikwenda kwenye kigingi cha kwanza, akaweka kiganja kiunoni.

"Maji yanafika hapa, mwanangu," akamwambia. "Ukiniamuru nihamie nitahamia, maana serikali ni kubwa. Lakini uje ukae nami masika moja."

Aliyefuata akaweka kiganja juu ya kitovu. Mwingine pajani. Mmoja, mfupi kuliko wote, akaweka kifuani. Walisimama hivyo katika mistari ile ile aliyoichora mwenyewe, mikono yao ikimwonyesha mto, wala hakuna aliyecheka. Katibu akaanza kukunja kamba.

Akaniita pembeni. Alikuwa mtu wa kusikia, sitamsingizia. Alisema anaweza kuhamishia nyumba kwenye mwinuko wa pembeni mwa bonde, ila mwinuko ule una wenyewe. Kwetu ardhi inafuata ukoo wa mama, na sehemu kubwa ya mwinuko ilikuwa ya kina mama walewale waliosimama pale. Waliitoa hapohapo. Alipopima kwa macho, akaona patatosha mistari miwili.

"Na mstari wa tatu?" akaniuliza.

Mstari wa tatu ulikuwa wa watu wa mkonge, wajane na wazee wa manamba wasio na ukoo kwetu. Ulikuwa mbali kidogo na mto, lakini bado bondeni. Wenyewe hawakuwepo asubuhi ile. Hawakuwa na majaruba, kwa hiyo sikuwa nimewapitia. Kuwapatia nafasi kulihitaji kipande cha juu kilichokuwa mikononi mwa wajomba zangu, na wajomba huwaambii jambo leo wakajibu leo. Ingechukua wiki nzima. Niliona katika wiki hiyo Katibu atahamishwa, au atabadili nia, au kina mama wataingiwa na woga tena.

"Hao tutawapangia baadaye, Ndugu Katibu," nikasema.

Akaandika.

Tulirudi tukiimba. Mama alijenga juu, akapanda migomba. Bibi alijenga mstari wa tatu, akikanyaga udongo wake na kofia ya Katibu kichwani, na nilipopita alidai nimchotee maji, nami nikachota. Nami nilikuwa na mambo mengi mbele: zahanati, kisha duka la ushirika, kisha nikatumwa Mikumi kusaidia kina mama wa huko kuanzisha la kwao. Niliondoka siku ileile niliyopata barua. Masika ya kwanza ilikuwa haba, nikaona hakuna haraka. Mimi, niliyezaliwa na haraka, niliona hakuna haraka.

Masika ya pili mto ulipanda adhuhuri moja. Mistari miwili ya juu ilikaa mikavu. Wa tatu ukaingia maji, na ukuta wa bibi ukamwangukia akiokoa mtama wake. Majirani walimtoa akiwa hai, ila kifua kilikuwa kimeshashikwa. Habari iliponifikia Mikumi alikuwa amekwisha kufa.

Kwa desturi sisi ndio tuliopaswa kumwosha, na Mama na wenzake walimwosha. Kisha wakanisukuma mbele. Walisema mimi ndiye mtani wake hasa, nifanye kazi yangu. Nikaivaa kofia, iliyokuwa imevimba kwa maji na kunyauka, nikasimama mbele ya wafiwa, wale wazee wachache wa mkonge.

"Mtani huyu alikuwa mjinga," nikasema. "Alitusemea sisi tukapanda juu, na mimi nikamwacha chini kwa mkono wangu. Nilisema tutampangia baadaye. Baadaye yenyewe ndiyo hii, mmeiona."

Walicheka. Mzee mmoja alicheka hadi akashika bega la mwenzake, kisha akanirushia kipande cha sabuni kuwa fungu langu. Nilikuwa nikilia waziwazi, nao wakaona namwigiza mfiwa vizuri.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa wajomba kuwaombea mstari wa tatu mahali pa juu. Walikubali, na mazungumzo yalichukua siku nne tu.