Choo cha Baba Mkwe

Mimi Tabita, muuza mchele wa Tunduma, watu husema nina mdomo. Sawa, ninao. Mama yangu Tukuswiga hakuwa nao kwa miaka arobaini na ushee, na mkitaka kujua kimya kile kilitugharimu nini, kaeni chini niwaambie.

Mama aliolewa milimani Ileje, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Itumba. Kwetu, mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia porini mpaka mzee apite, na jina lake halitamki. Hayo sina ugomvi nayo, ni heshima za watu. Lakini wazee wa ukoo wetu wakaingiza na choo humo! Babu alikuwa na choo kimoja, na wakwe zake marufuku kukikanyaga. Mama na wake wa baba zangu wadogo walikuwa wanateremka kijitoni, kwenye matete, na kijito hicho hicho ndicho tulichochota maji ya kunywa. Ukoo mzima tukanywa.

Mwaka niliozaliwa, kipindupindu kilizoa watu watano katika mji wa babu: babu mwenyewe, wake wawili wa baba zangu wadogo, na kaka zangu wawili ambao sikuwahi kuwaona. Mama alizika watoto wawili ndani ya wiki moja, mimi nikiwa mgongoni. Bwana afya akaja, akasema wazi tatizo ni kijito, kila mtu awe na choo. Wazee wakamwitikia "ndiyo bwana, ndiyo bwana", wakamchinjia kuku, akaondoka. Kisha wakakaa kikao wakasema ni uchawi, wakamfukuza bibi mmoja mjane ambaye hata kibanda chake kilikuwa kinavuja. Choo hakikuongezwa. Ptuu! Watu wazima wale, wenye mvi.

Sasa njooni kwa baba yangu, Ambakisye. Huyu amesoma, anasikiliza redio kutwa, ni mzee wa kanisa. Alijenga choo kipya cha matofali ya kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji, mlango una kufuli. Ufunguo anauvaa shingoni. Majirani wengi walishaachana na mambo hayo, wakwe zao wanaingia chooni kama binadamu. Lakini kaka yangu Yesaya alipomwoa Pendo, binti wa Iyula, baba akaagiza aonyeshwe matete yale yale.

"Wifi, kwetu Iyula choo ni kimoja," Pendo aliniambia huku akicheka. "Baba anapiga hodi tu, basi." Alicheka, lakini aliteremka. Mvua inyeshe, ana mimba, aliteremka. Baadaye akawa anateremka na binti yake Tumpale.

Masika ya mwaka huu redio ikatangaza kipindupindu kimerudi. Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Mama akamwendea baba barazani.

"Baba Yesaya, mruhusu mtoto wa watu atumie choo."

"Mkwe akanyage ninapokanyaga? Mnataka nichekwe?"

"Basi achimbiwe chake."

"Ana mume. Mumewe akirudi atachimba."

Mumewe! Yesaya ni utingo wa malori ya Zambia, na hiyo "nikirudi" yake tunaisikia tangu mwaka juzi.

Mama akachukua jembe akaanza kuchimba mwenyewe, ana miaka sitini na saba. Pendo anazoa udongo kwa ndoo. Baba amekaa anatazama, redio mapajani. Shimo lilipofika kiunoni mvua ikalijaza, kingo zikaporomoka. Mama akaanza lingine pembeni. Mimi nikarudi Tunduma kwenye biashara yangu, na hilo najilaumu, kwa sababu mikono ninayo.

Siku ya nne simu ikaita. Pendo ameharisha na kutapika tangu alfajiri. Walimpakia kwenye bodaboda, mama nyuma akimshikilia, wakafika zahanati macho yameshazama. Alikufa kabla ya saa sita mchana. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Msibani wakaja watu wa afya na glavu zao. Hakuna kupika, hakuna kushikana mikono, na mtu yeyote asijisaidie porini. "Hapa choo kipo?" wakauliza, mchungaji amesimama pale. Baba akavua ufunguo shingoni mbio mbio.

"Kipo! Kizuri tu, karibuni."

Wanawake wakapanga foleni. Wake za watu, wasichana, hata shangazi za Pendo waliotoka Iyula na macho yamevimba. Wakaingia mmoja mmoja, na baba anawaelekeza kopo la maji lilipo. Nilisikia kinyaa mpaka nikatema mate mbele za watu, wanisamehe wenyewe.

Mama akasimama. Sauti yake sijawahi kuisikia vile.

"Baba Yesaya, wote hawa wameingia. Umepungukiwa nini?"

Mchungaji, mtu wa watu, akaanzisha wimbo.

Keshoyake mama akamfunga Tumpale mgongoni, tukashuka naye Tunduma kwenye chumba changu. Hakuaga. Nyumba ninayopanga ina choo kimoja, tunachangia wapangaji wote. Asubuhi mtoto akabanwa, nikampeleka. Akagoma mlangoni, miaka mitatu yule, amejikunja, miguu imekazana.

"Ingia, mama," nikamwambia. "Ni chetu."

Akatikisa kichwa. "Babu atafoka."

Akajikojolea pale pale, amesimama. Mama, ambaye msiba mzima hakutoa chozi, akakaa chini kwenye saruji, akamvuta mapajani vile alivyolowa, akalia mpaka wapangaji wakatoka vyumbani.